Mzee Luhende Hakuwa Mlevi

Insha arobaini na moja, na zote arobaini na moja zimemlewesha Mzee Luhende! Mwalimu Domitila aliitupa kalamu nyekundu mezani, akaapa kwamba darasa hili litamuua kwa presha.

Mzee Luhende alikuwa baba katika riwaya waliyopewa kidato cha tano kuichambua. Muuza dagaa, mwaka wa ukame, anajinyima chakula ili binti zake wale. Anapepesuka njiani kwa njaa, na njaa hiyo hiyo inamuua. Imeandikwa wazi, ukurasa wa sitini na mbili. Sasa watoto wanasema nini? "Mwandishi amekemea ulevi kupitia mhusika Luhende." Ulevi! Marehemu wa watu hajaonja hata togwa!

Na si hilo tu. Kila insha ilianza na "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha", utadhani kuna aliyeuliza. Kisha kurasa tatu za kusimulia kisa upya, mwanzo hadi mwisho, bila hoja hata moja, kana kwamba mwalimu mwenyewe hajasoma. Nukuu hakuna. Pembeni mwa kila "mlevi" Domitila aliandika maneno yale yale: Ukurasa wa ngapi? Mara arobaini na moja, mpaka kidole kikauma.

Ijumaa aliingia darasani amefura.

"Nani amewaambia huyu baba analewa?"

Sayi, kiranja wa darasa, akasimama. "Madamu, iko kwenye madesa, zile karatasi za majibu. Yale yanayouzwa kwa Kasmiri, pale stendi."

"Na kitabu je?"

"Viko vitatu, madamu. Viko kabatini, ofisini kwako."

Jibu hilo hata hakulisikia. "Sifuri! Wote! Na mwenye sifuri ya Kiswahili hapandi kidato cha sita, anarudia mwaka. Jumatatu majina yenu yako kwa mkuu wa shule."

Nyuma kabisa, Joyness, ambaye tayari alikuwa anarudia mwaka, akaanza kulia. Domitila hakugeuka. Alie tu! Mzee Luhende nani alimlilia?

Jumamosi asubuhi alipanda bodaboda hadi stendi, kwenda kumkomesha huyo Kasmiri. Alimkuta kijana mmoja mnene, mashine ya fotokopi inanguruma nyuma yake.

"Mwangaluka, mwalimu wangu!"

"Salamu zako kaa nazo! Nani kaandika uchafu huu unaowauzia wanafunzi wangu?"

Kasmiri akamtazama, kisha akacheka kwa furaha. "Jamani, mwalimu, hunikumbuki? Kasmiri, mwanafunzi wako wa Nyalikungu, miaka tisa iliyopita! Umeandika wewe." Akainama chini ya kaunta, akatoa daftari lililofungwa kwenye nailoni. "Ulitupatia tukatoe kopi. Mimi nimelichapa tu, neno sijabadili hata moja. Hili ndilo lililonifaulisha."

Ulikuwa mwandiko wake, na jina lake juu, limepigiwa mstari kwa rula.

Domitila akakumbuka. Mwaka ule vitabu vilichelewa na mtihani ulikuwa mlangoni. Alikuwa mwalimu mpya, akaona haya kusema hajasoma. Mwenzake alimsimulia kisa kidogo wakati wa chai: kuna baba mmoja anapepesuka barabarani. Mengine akayajaza mwenyewe. Riwaya alikuja kuisoma miaka minne baadaye, akamlilia Mzee Luhende kwa machozi, na daftari alikuwa ameshalisahau.

"Kwani nimekosea, mwalimu?" Kasmiri aliuliza.

"Nimekosea mimi. Nipe hilo daftari, na usitoe kopi nyingine."

Jumatatu aliingia darasani na vitabu vyote vitatu, akaviweka juu ya dawati la Sayi. "Mtasoma kwa sauti, kwa zamu, mpaka kiishe. Kisha mtaandika upya. Kwa mkuu wa shule sijapeleka jina la mtu."

Halafu akaenda hadi nyuma, akamwekea Joyness daftari lile na kalamu nyekundu.

"Sahihisha."

Joyness alisoma polepole. Aliporudi juu kwenye jina la mwalimu akanyanyua macho, akayashusha haraka.

"Mlevi ameandikwa wapi?" Domitila aliuliza. "Mwenye daftari kataja ukurasa?"

"Hapana, madamu."

"Basi mpe alama anayostahili."

Msichana akaishika kalamu nyekundu. Darasa zima liligeuka kutazama, na Domitila akabaki amesimama pale pale mpaka Joyness alipomaliza kuiandika sifuri.