Dawa Nyingine: Hakuna

Gunnel Åström, muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani huko Norsjö, aliufungua mkanda wa kipimo cha presha kwenye mkono wa mzee Evert akaufunga upya, akidhani mashine inamdanganya. Haikumdanganya. Mia na tisini na mbili kwa mia na nane, asubuhi kweupe, kahawa hata haijanywewa. Hasira zikampanda.

Zilibaki siku tisa Evert apasuliwe. Mara mbili mzee huyu alishapelekwa hospitali kubwa kubadilishiwa nyonga, na mara mbili akarudishwa nyumbani kwa sababu ya presha. Sasa barua imekuja: ikishindikana mara ya tatu, jina lake linatolewa kwenye orodha. Na mtu mwenyewe hawezi hata kushuka ngazi za mlangoni kwake. Ameendesha gari la kusukuma theluji miaka thelathini na mmoja, leo theluji anaiangalia dirishani.

Basi Gunnel akamvaa. Vidonge vya presha vya aina tatu, vinaenda wapi, maana tumboni haviendi! Akamwambia amechoka kudanganywa. Akafungua friji bila kuomba, akatoa soseji na siagi ya chumvi, akazipanga mezani kama polisi aliyekamata magendo. Evert akajibu kwamba soseji ni ya binti yake Lisbet, vidonge anameza, na friji yake asimchezee.

"Mzee Evert, mimi si mtoto. Nilishamwandikia daktari kwamba hufuati maelekezo, na nitaandika tena."

"Andika, sista. Andika mpaka wino uishe. Mimi nameza."

Huku akisema hivyo alitia mkono mfukoni mwa sweta, akatoa kichupa cheupe, akajipulizia pua ya kushoto mara mbili, ya kulia mara mbili, akavuta, akakirudisha. Wala ugomvi hakuukatisha. Gunnel ndiye aliyeukatisha. Kisha akauliza hicho ni nini, na kwa siku anapuliza mara ngapi.

"Ni cha pua. Ikiziba napuliza. Nani anahesabu?"

Ikabidi amvute neno moja moja. Mafua yalimshika mwaka ule aliomzika mkewe, miaka tisa iliyopita. Mafua yakaisha, pua haikupona. Akipuliza inazibuka, baada ya saa chache inaziba kuliko mwanzo, anapuliza tena. Lisbet humletea kutoka dukani, nunua viwili upate cha tatu bure. Karatasi ya ndani inasema siku kumi tu, na mwenye presha amwone daktari kwanza. Lakini nani anasoma karatasi ya kitu kilichopangwa jirani na pipi?

"Kwa nini hukuniambia, jamani? Si nilikuuliza dawa unazotumia?"

"Uliuliza dawa. Hii si dawa. Nainunua pale ninaponunua viazi."

Gunnel alitamani kumchapa kwa ile soseji. Dawa inayobana mishipa ya pua haikai puani tu. Mtu akiipuliza kutwa kucha kwa miaka, nyingine inaingia kwenye damu na kubana mishipa ya kwingine, moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Vidonge vitatu vinavuta chini, kichupa kinavuta juu, na daktari anaongeza cha nne.

Akafungua faili ili amwonyeshe alivyodanganya, na hapo hasira ikamgeukia mwenyewe. Ziara kumi na nne, na kila ukurasa una mwandiko wake: dawa nyingine, hakuna. Hakuuliza za dukani, za pua, za macho wala za mitishamba, yeye anayewafokea wanafunzi wasipouliza. Na wiki mbili zilizopita kichupa hichohicho kilidondoka chini ya meza, akainama yeye kukiokota, akampa mzee mkononi. Gunnel huyo huyo! Alijitukana kimoyomoyo kwa maneno ambayo nyumbani kwao hayakusemwa.

Evert alikuwa anamtazama. "Miezi saba unaniita mwongo kwenye meza yangu," akasema polepole. "Mpigie daktari. Hapahapa, nisikie."

Akapiga, akaweka spika. Daktari alikuwa na haraka, akaanza habari za wagonjwa wasiosikia. Gunnel akamkata. "Mgonjwa alikuwa anameza kila kidonge. Anatumia dawa ya pua miaka tisa na mimi sikumuuliza. Lile neno la kwamba hafuati maelekezo lifute, uandike kosa ni la nani. Jina langu unalo."

Halafu daktari akasema tarehe ile haiwezekani tena, ila jina halitoki. Wataangalia tena baada ya wiki sita, presha ikishuka.

Wiki sita zaidi, kwa uzembe wake. Gunnel alimeza uchungu akamweleza mzee: leo wanaacha kupuliza pua ya kulia tu, waioshe kwa maji ya chumvi, na daktari anaagiza dawa ya kupunguza uvimbe wa ndani ya pua. Ya kushoto itafuata. Kulala kutakuwa kwa shida.

"Wiki ya kwanza utanichukia."

"Nilishaanza zamani, sista." Evert akatoa kichupa cha sweta, cha koti, cha suruali, akavisukuma vyote mbele ya Gunnel isipokuwa kimoja, cha pua ya kushoto. Kisha akamwambia amwandikie kwa herufi kubwa, pua ipi, siku ipi, na safari hii asikosee.