Mkono wa Bwana Kiko

Mwaka wa arobaini na tisa nilikuwa mpaka rangi wa wazungu wa karanga, wale wa mradi mkubwa wa Waingereza, Nachingwea. Niliandika namba kwenye matrekta yaliyokuwa yaking'oa misitu yetu na, msitu ulipokwisha, mashamba yetu. Waliosahau wasahau. Mimi sijasahau.

Msimamizi wangu tulimwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko chake hakikutoka mkono wa kulia, kiwe kinawaka au kimezimika. Siku moja akaniletea ubao mkubwa kama mlango wa ghala. Alitaka picha ya kusimamishwa sokoni siku ya mkutano na watu wa Mtua: mkono wa mzungu ukiwapa karanga. Mtua ndiko walikotaka kupeleka matrekta msimu ule, na wenyeji walitakiwa wakubali. Shamba la mama yangu, Mwanamvua, lilikuwa Mtua, na kaburi la baba lilikuwa ndani ya shamba.

Nikamwambia sijui kuchora mkono. Kweli sikujua. Nilijaribu, ukatoka kama shina la muhogo lililong'olewa.

Akachukua chaki. "Hapana chora mkono," akasema kwa Kiswahili chake. "Chora kiberiti. Na wewe chora kitu naona, hapana kitu najua."

Haki yake nampa: kufundisha alijua. Kiganja ni kiberiti kilicholazwa, chenye unene, si karatasi. Vidole ni pingili za mwanzi, na kila pingili ni nyembamba kuliko iliyoitangulia. Kwenye viungo weka viduara, ukubwa wa karanga. Kidole gumba hakisimami na wenzake. Kinachomoza ubavuni, juu ya kabari ya nyama. Ukishayapanga maumbo hayo ndipo unayavisha ngozi. Nikachora kwa mkaa kwenye sakafu ya karakana, nikafuta kwa mguu, nikachora tena.

"Mikidadi," akasema Saturnini, seremala wa benchi la jirani, "hii sakafu umeijaza watu waliozikwa wima, mikono nje."

Siku ya kupaka rangi, Bwana Kiko alisimama mwenyewe niige mkono wake. Akachota karanga kwenye gunia, akaunyoosha. Wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kiko.

Saturnini akasogea kama mtu anayetafuta misumari. "Ndugu yangu, huo ni wa kushoto."

"Nauona."

"Mwambie basi."

"Amesema nichore ninachokiona."

"Utafukuzwa wewe."

"Nifukuzwe."

Nikauchora. Kiberiti, pingili, viduara, kabari. Gumba nikaliweka pale pale lilipokuwa, asije mtu akadai sikujua kazi. Bwana Kiko akausifu. Alisema mtu angeweza kusalimiana nao.

Siku ya mkutano watu wa Mtua walifika sokoni na vikapu vyao vya ufuta, wakakaa chini, wakautazama ubao. Kicheko kilianzia kwa akina mama. Mama yangu akainuka, akaupa ubao mgongo, akanyoosha mkono wake wa kushoto vile vile, ili kila mtu alinganishe gumba kwa gumba.

"Mkono huu kazi yake naijua, na si ya mbele za watu," akasema kwa Kimwera, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wageni nao wasikie. "Mwanangu akinipa hata chumvi kwa mkono huu, sipokei. Huyu anatupa nao hadharani, tena kaupaka rangi."

Akajitwika kikapu chake, akaondoka. Wakainuka wengine nyuma yake, mpaka Bwana Kiko akabaki na hotuba yake mkononi na soko tupu mbele yake. Saturnini ndiye aliyemweleza kilichotokea, kwa sauti ya chini.

Bwana Kiko alinijia amekuwa mwekundu. "Badilisha. Chora kulia."

"Nilichora nilichokiona, Bwana."

"Kesho nataka kulia."

"Basi utoe wa kulia. Utoe kweli: waachie watu wa Mtua mashamba yao. Nikiuona, nitauchora."

Akakitazama kiko chake kama ndiyo kwanza anakiona. Kisha akanifukuza kazi.

Ubao ukapakwa chokaa. Watu wa Mtua waliitwa tena na tena, hawakuja. Matrekta hayakuligusa shamba la mama, na haukupita muda wazungu wa karanga wakafunga virago. Wasomi wanaandika kwamba ilikuwa mvua, ilikuwa udongo. Waandike. Mama alivuna mtama wake kando ya kaburi la mumewe.

Mimi nilihamia Ruangwa. Miaka ile tulipoanza kuitisha mikutano ya chama cha kudai uhuru nyuma ya maduka, niliwafundisha vijana kuchora mikono kwa mkaa ukutani, mikono ya kulia, imefunguliwa wazi. Tulifutiwa, tukachora. Asubuhi moja askari, mtu wa huku huku kwetu, alinikuta na mkaa na akaniuliza mkono ule ni wa nani.

"Weka wako juu yake uone," nikamwambia.

Akatazama huku na huku, akauweka. Ulimkaa sawasawa. Akajipangusa masizi kwenye kaptula yake, akaenda zake bila kuufuta.