Picha Tatu za Bi Mwamini

Zuwena aliketi kwenye kiti cha plastiki katika studio ya Ponsiano, Kibaha, mabega yameanguka. Tangu wamzike mama yao, Bi Mwamini, kule kijijini Masaki, uchovu haukumtoka; alilala nao, akaamka nao.

Picha za marehemu zilikuwa tatu tu, zote nyeusi na nyeupe. Bibi huyo hakupenda kamera. Alikubali siku moja tu, kumridhisha mwanawe Mudathir, kaka yake Zuwena, aliyekuwa akijaribu ufundi fulani: unapiga picha ileile mara tatu, mbele ya lenzi ukiweka nailoni nyekundu, kisha ya kijani, kisha ya bluu. Ukija kuziunganisha, unapata picha moja ya rangi. Mudathir hakuwahi kuziunganisha, wala hakuandika ipi ni ipi.

Sasa Zuwena alizileta kwa Ponsiano aziunganishe, naye akabahatisha. Kwenye kompyuta akatokea Bi Mwamini mwenye uso wa kijani, nyuma yake mkorosho mwekundu.

"Astaghafirullah!" Zuwena akageuka pembeni.

"Samahani, dada. Nitajie kitu unachokijua rangi yake."

"Hayo mabibo ya mkorosho kwenye beseni. Yalikuwa mekundu."

"Basi picha ambayo mabibo yanang'aa zaidi ndiyo ya nailoni nyekundu. Ya bluu nitaijua kwa anga."

Akazipanga upya. Majani yakarudi kijani, udongo ukawa wa Masaki, na kanga ya mama ikawa zambarau. Zuwena alikuwa ameisahau kabisa rangi ile.

Lakini uso ulikuwa umetawanyika: midomo mitatu, mmoja mwekundu, mmoja kijani, mmoja bluu.

"Bibi hakutulia," alisema Ponsiano.

Zuwena akampigia Mudathir, akaweka spika.

"Si nilimwambia asitikisike!" Mudathir alisema. "Kila nikibadilisha nailoni ananigeukia, 'Bado tu?' Namwambia tulia mama, ananijibu, 'Kwani mimi gogo?'" Alicheka.

"Dawa ipo," alisema Ponsiano. "Nachukua uso wa picha moja, huu hapa, naupaka rangi. Ukutani atapendeza."

"Mwache ampake tu, dada," alisema Mudathir. "Watu wamtambue."

Zuwena aliutazama uso huo mmoja. Ulikuwa safi, umenyooka. Aliwahi kuuona hivyo, siku wanawake walipomwosha mama, yeye akiwa ameshika kata ya maji. Siku ile mama alitulia kweli. Alikubali kila mkono uliomgusa, hakuuliza kama bado. Tangu hapo Zuwena akifumba macho humwona huyo aliyetulia tu, na yule wa zamani hamwoni.

"Usimpake," alisema. "Mwache na midomo yake mitatu."

"Dada, wataona nimeharibu kazi."

"Wakikuuliza, sema alikuwa anaongea."

Ponsiano akaguna, akatia karatasi kwenye printa. "Basi mhuri wa studio siweki."

"Usiweke," alisema Zuwena.