Bwana Harusi na Bibi Harusi wa Darasa la Sita

Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi, na darasa langu lilikuwa bubu.

Si bubu kweli. Uwanjani walipiga kelele hadi kuku wa mchungaji wakakimbilia makaburini. Lakini tukifika tu kwenye mazungumzo ya Kiingereza, vichwa vinainama, wote wanasoma sakafu. Bi Sisilia, mkaguzi wetu, alishaliona hilo alipokuja mara ya kwanza. Aliniandikia sentensi moja tu: "Mwalimu alijue darasa lake." Nilinuna siku nzima. Mimi nisiwajue, wakati najua mpaka nani ana chawa? Sasa hii ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Nikishindwa tena, sithibitishwi kazini, narudi Nuku'alofa, mji mkuu wetu wa Tonga, kuuza nyama ya kopo dukani kwa mjomba. Na mjomba wangu ana mdomo.

Wasemaji wangu hodari walikuwa wawili: Semisi, mtoto wa mwoka mikate, na Lupe, ambaye baba yake anaongoza kwaya. Kila mmoja peke yake, Kiingereza kinamtiririka. Basi nikawapa mazungumzo matamu kuliko yote kitabuni, ya bwana harusi na bibi harusi wakipanga sherehe yao. Chuoni tulifundishwa kuchanganya wavulana na wasichana. Nikawasimamisha mbele. Lupe akaangua kilio. Semisi akarukia nje kupitia dirishani, na kesho yake hakuonekana shuleni.

Nilijua wazazi watanijia juu. Wapi! Mama Semisi alikuja na kikapu cha viazi vikuu vya kuoka, akausifia mkeka niliojifunga kiunoni, vazi letu la heshima, akaenda zake. Siku iliyofuata akaleta vingine. Nikajisemea, angalau wazazi wananipenda.

Mtandao kisiwani kwetu unapatikana mahali pamoja, kando ya tangi la maji la kanisa. Mwalimu mkuu, mzee Kepueli, mgeni pale kama mimi, alinikuta nimeliegemea na simu mkononi.

"Milika, unatafuta mchumba?"

"Natafuta msaada, mzee."

"Kwenye Facebook? Huko watu wanauza nguruwe na kusengenyana tu."

Ni kweli nguruwe wanauzwa. Lakini lipo pia kundi la walimu wa visiwani, na mle nikamwaga yote: wasemaji wangu wawili, dirisha, kilio, hata viazi. Majina ya watoto sikuyataja. Majibu yakaanza kuingia. Mwalimu wa kisiwa cha 'Eua akaniambia niwape peremende. Mwingine akasema nikitupe kitabu hicho. Kisha akaingia Mwalimu Losaline, bibi mstaafu anayeishi Auckland kwa mwanawe.

"Mwanangu, mama wa huyo mvulana kazaliwa nyumba gani?"

"Sijui, mwalimu. Ila ukoo wao ni tofauti, niliangalia majina."

"Majina! Nenda kaulize. Na hivyo viazi, wewe umekula tu?"

"Huyu ni Mtonga au mtalii?" akadakia mtu nisiyemjua, na watu wakamwaga vicheko. Nilitamani kuitupa simu tangini. Lakini Alhamisi haikuwa mbali, nikaenda.

Mama Semisi alikuwa anafagia uani. Nilipomuuliza, aliinua kidevu kuelekea nyumba ya pili. "Nimezaliwa pale. Baba Lupe ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja."

Kwetu mtoto wa shangazi ni kaka yako, hakuna cha binamu. Kaka na dada hawataniani, hata filamu hawakai kutazama pamoja, maana huenda mle ndani watu wakabusiana. Na mimi nimewaozesha mbele ya darasa zima! Kwenye kisiwa kidogo namna ile, karibu kila mtoto ni ndugu wa mwenzake. Ndiyo maana wote walitazama chini. Waliwaonea aibu wale wawili, na mimi wakanionea aibu zaidi.

"Mama Semisi, mbona hukuniambia?"

"Nani atamwambia mwalimu kakosea?" Akashusha sauti. "Si nilileta viazi, ili uje uulize mwenyewe?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, naye akacheka, na mzigo wote ule wa muhula ukanitoka mabegani palepale uani. Watoto hawakunichukia. Wala hawakuwa wajinga.

Nikarudi mbio tangini. "Wavulana kwa wavulana, wasichana kwa wasichana," akaandika Losaline. "Wape ugomvi wa sokoni. Harusi mwachie mchungaji."

Alhamisi, Semisi alimuuzia Tomasi nguruwe kilema, wakabishana Kiingereza mpaka wapita njia wakachungulia. Lupe na mwenzake wakagombania samaki. Bi Sisilia alikaa nyuma, uso mkavu. Kisha akasimama, akafungua kitabu ukurasa uleule wa harusi.

"Sasa nataka mvulana na msichana."

Vichwa vikainama. Kalamu anayo yeye, kazi yangu anayo yeye, ningeweza kuwaita wawili wakamaliza upesi. Nikamwona Lupe ameshika kingo za dawati lake.

"Samahani, mama. Hapana," nikasema. "Hawa wote ni kaka na dada."

Akakifunga kitabu taratibu. "Kumbe umejua."

"Nimejua, mama."

"Mbona nilikuandikia mara ya kwanza?"

"Uliandika nilijue darasa langu."

"Sasa ulitaka niseme nini zaidi? Nikuumbue mbele ya watoto?" Akasaini, akanipa mkono, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Nilithibitishwa.

Mzee Kepueli alinifuata hadi tangini, eti anatafuta kivuli. Niliandika neno moja: "Nimebaki." Kundi zima likalipuka, na yule aliyeniita mtalii akawa wa kwanza kunipongeza. Losaline akaandika: "Asante kwa kuuliza. Wengi huondoka bila kuuliza." Mzee alisoma yote juu ya bega langu, hakusema kitu kuhusu nguruwe.

Jioni Mama Semisi alipita mlangoni kwangu, mikono mitupu. Alinisalimia tu, akaenda zake. Nilipika wali mkavu, nikalala nimeshiba furaha.