Muhuri Kabla ya Saa Sita

Nduta aliliona kosa asubuhi, chai ikipoa mbele yake mezani kwa mama yake, Kitale. Alikuwa amekuja kwa mahari ya dada yake, akabeba daftari la hesabu za maabara ya ng'ambo alikosomea miaka minne.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu. Chembe moja na pacha wake wa antimata, mwenye chaji kinyume, huvunjika kwa njia zinazofanana. Yeye alipima kama kweli zinafanana, maana ulimwengu umebaki na mata, yaani vitu vyote tunavyovigusa, na pacha wake hajulikani alikokwenda. Lakini chuma cha mtambo nacho ni mata, na humeza vipande vyenye chaji hasi zaidi kidogo kuliko vyenye chaji chanya. Ilibidi hesabu irekebishwe. Nduta alikuwa ameongeza mahali pa kutoa.

Jibu lilikuwa bado limefichwa. Ndiyo desturi ya maabara yao: hakuna anayeiona namba mpaka njia ya kuipata ikubaliwe, mtu asije akaivuta namba upande anaoupenda. Wangeifunua leo, saa sita mchana ya Kenya. Baada ya hapo, anayerekebisha huhesabiwa kuwa ameona kwanza, akarekebisha baadaye. Miaka minne ingegeuka majivu.

Umeme ulikuwa umepotea tangu jana na saiba zote za mji, vibanda vya intaneti, zilikuwa zimefungwa. Alipiga simu maabara. Iliita bila kupokewa mpaka betri ikaisha.

Akaandika kosa na sahihisho lake kwenye ukurasa mmoja, akakimbia nao kwa Chifu Khisa, apate shahidi wa saa.

"Unataka nigonge muhuri kwa hii?" Chifu aliugeuza ukurasa juu chini. "Ni shamba?"

"Hapana, Chifu. Ni hesabu."

"Ya nani?"

"Yangu. Nimekosea."

Chifu akacheka. "Msichana wa Mzee Ngige, miaka kumi na tisa niko kwa hii kiti. Watu wanakuja hapa kusema jirani ndiye amekosea. Sasa wewe ati unataka muhuri ya kujishtaki?"

"Andika na saa, Chifu. Tafadhali."

Chifu akaacha kucheka, akachukua kalamu. Akaandika: saa nne kasoro dakika kumi. Akagonga.

Pikapu ya vitunguu ilimfikisha Chwele, njiani kwenda Bungoma kulikokuwa na umeme. Kutoka hapo bodaboda, vumbi likimjaa machoni. Kila alipoitazama saa, mshale ulikuwa umemtangulia. Alipoingia saiba ya Bungoma, ilikuwa saa sita na dakika kumi na saba.

Barua pepe ilifunguka mstari kwa mstari. Pongezi. Pongezi. Halafu namba: kubwa, nzuri, ile aliyoiota. Nduta alijua itapungua, na alijua jinsi kupungua kwake kutakavyosomwa. Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyekuwa amegundua.

Akampa mhudumu ule ukurasa. "Skani hii, niitume."

Akatuma. Akaketi kusubiri. Baada ya nusu saa msimamizi wake akajibu, bila salamu:

"Tulishafungua. Ungeweza kuandika saa yoyote uliyotaka. Huyu Khisa ni nani? Ni mwanafizikia?"

Nduta alifuta majibu matatu. La nne akaliacha.

"Ni chifu wetu. Hakuelewa hata mstari mmoja, wala hana namba anayoipenda. Ndiyo sababu nilimwendea."

Akabonyeza, akamlipa mhudumu nusu saa nyingine.