Mgongo wa Pak Hendarto

Kila asubuhi kabla ya kuteremka sokoni, Warsini alifunga vikapu vya karoti na kabeji ubavuni mwa pikipiki yake, akazungusha ufunguo, akabana breki ya mkono, kisha akapeleka kiganja kwenye taa ya nyuma aone kama kitageuka chekundu. Kiganja kilibaki na rangi yake. Alijifuta umande usoni, akavaa kofia ya pikipiki, akateremka hivyo hivyo, maana karoti hazingojei.

Katika vijiji vilivyo juu ya mji wa Wonosobo wauza mboga ni wanawake, na karibu wote walikuwa na pikipiki za aina moja, kwa sababu zilipanda mlima bila kukohoa. Ukungu wa huko huingia popote, hata kwenye mtungi wa mchele. Uliingia pia kwenye ile swichi ndogo iliyo chini ya mpini wa breki, inayoiambia taa ya nyuma iwake. Swichi zikafa. Breki zilishika, lakini taa hazikusema kitu. Lasmi, mdogo wake Warsini, alifunga breki kwenye kona ya mashamba ya chai, na lori la viazi lililomfuata halikupata habari. Tangu siku hiyo alitembea kwa magongo.

Kampuni iliyoziunda ilikuwa imetangaza redioni kwamba pikipiki za toleo lile zipelekwe kwa wakala zibadilishiwe swichi bure. Warsini alikwenda kwa wakala wa mjini mara nyingi, hata mlinzi wa getini akawa anamwagiza mboga. Kila mara aliambiwa vipuri havijafika.

Safari moja alimpakia Lasmi, aliyechoka kukaa ndani. Alimwacha nje juu ya pikipiki, akaingia ofisini kwa Pak Hendarto, msimamizi wa matengenezo, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Huko Pak ni Bwana, na Bu ni Mama. Pak Hendarto alikuwa akieleza habari za vipuri wakati ukuta ulio nyuma yake ulipogeuka mwekundu. Ukazimika. Ukageuka tena. Warsini alichungulia dirishani. Nje, Lasmi alikuwa anabanabana breki kwa kukosa la kufanya.

"Pak, mgongo wako unawaka," alisema Warsini.

"Najua, Bu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Nanyi mnateremka mapema mno. Mke wangu hapati usingizi."

Warsini alivuta kiti akaketi. "Basi hiyo ni taa yetu."

"Sikatai kwamba ni yenu," alisema Pak Hendarto. "Niliwaandikia wakubwa wa ofisi ya kanda, Semarang. Wakajibu kwamba swichi mbovu ni ile isiyowasha taa. Hizi zinawasha. Haikusemwa popote iwake wapi."

Mlango ulifunguka, Lasmi akaingia kwa magongo yake. Alizunguka meza, akautazama ule mgongo kama mtu anayekagua nyanya. "Kumbe nilivunjika mguu na taa ilikuwa huku, imekaa kwenye kivuli inakunywa chai!"

Pak Hendarto aliinamisha kichwa. Siku ile ya kona aliikumbuka vizuri, alisema. Alikuwa mezani akila, akahisi joto katikati ya mabega, kali kuliko siku zote, kisha likakatika.

Habari zilienea sokoni kabla ya vikapu kwisha. Hakuna aliyeona ajabu. Taa iliyolipiwa lazima iwake mahali fulani, walisema, na wengine waliona bora imwakie mtu mwenye kiyoyozi. Kilichowaudhi ni kwamba ilikuwa mbali nao. Tangu hapo wakaanza kuteremka polepole, breki zimebanwa toka juu hadi chini, na Pak Hendarto akawaka asubuhi nzima. Mitaani magari yalisimama nyuma yake, naye akienda zake kununua sigara. Msikitini siku ya Ijumaa, watu wa safu ya nyuma yake walichelewa kurukuu, kwa mazoea ya barabarani. Imamu alimwomba kwa upole awe anaswali safu ya mwisho, pasipo na mtu nyuma.

Aliyemaliza mambo ni mkewe, Bu Endah. Alimwekea koti na chupa ya chai mlangoni, akasema, "Mwanamume anayewaka kwa ajili ya wanawake wengine, akawake hukohuko kwao."

Pak Hendarto alipanda mlima kwa basi dogo, akafika soko la wauza mboga, lililo nusu ya mlima, kukiwa kumekucha, koti mkononi. Wauza mboga waliweka mizani chini.

"Nimekuja," alisema. "Niwekeni panapostahili."

"Kwani taa hukaa wapi, Pak?" aliuliza Lasmi. "Mbele?"

Soko lilicheka, naye akacheka pia, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Walimketisha juu ya gunia la viazi ndani ya pikapu ya kabeji, uso ukitazama mbele, mgongo ukitazama barabara iliyobaki nyuma. Lasmi alipanda kando yake. Pikipiki zote zilitangulia, Warsini akiwa wa kwanza, na safari ya Semarang, kwa wale wakubwa, ikaanza. Penye njia panda askari wa barabarani aliwasimamisha, akaizunguka pikapu, akamwambia Pak Hendarto akae wima zaidi, kwani taa ya nyuma haitakiwi kufichwa na bodi ya gari. Kisha akawaruhusu.

Kwenye kona ya mashamba ya chai ukungu ulikuwa mzito kama uji. Udongo ulikuwa umeporomoka barabarani. Warsini aliuona akiwa karibu mno, akafunga breki, na wote nyuma yake wakafunga, na pikapu nayo. Nyuma yao lori la mawe lilikuwa linakuja kwa kasi ya mteremko.

Pak Hendarto aliwahisi wote kwa pamoja, mkono kwa mkono: wenye sugu, wenye pete, wa bibi mmoja uliotetemeka, wa Warsini ulioshika bila hofu. Aliwaka mpaka ukungu ukawa mwekundu hadi kwenye miinuko ya chai, na wachumaji wakainua vichwa wakadhani jua limekosea njia. Lori lilipiga breki, likapiga kelele, likalala upande kidogo, likasimama. Dereva alishusha kioo. Kati ya bampa yake na kabeji ya mwisho usingepitisha mbuzi.

"Taa nzuri hiyo!" aliita dereva. "Mmenunua wapi?"

Pak Hendarto alikuwa analia. Lasmi alimpa ncha ya kilemba chake ajifute. "Sasa umejua," alimwambia.

Mchana walifika Semarang, kwenye ofisi ya kanda. Mkurugenzi alitoka na tabasamu, akasema hakuna hitilafu iliyothibitishwa, tena vipuri havijafika. Warsini hakubishana naye. Alirudi kwenye pikipiki yake, akabana breki, na wenzake wakabana zao. Pak Hendarto alisogea ukingoni mwa barabara kuu, akasimama wima, mgongo ukielekea magari. Magari yalisimama. Malori yakasimama nyuma ya magari, na mabasi nyuma ya malori, maana hakuna dereva mwenye akili anayempita mtu anayefunga breki bila kujua kilichoko mbele. Msururu ulirudi nyuma hadi bandarini. Wauza maji walifanya biashara. Honi zilipigwa hata kioo cha meza ya mkurugenzi kikapasuka.

"Wafungulieni stoo," alisema mkurugenzi.

Swichi zilikuwa humo, maboksi kwa maboksi, na vumbi lilikuwa limeota juu yake. Mafundi walikunja mikono ya mashati wakafanya kazi uani. Kila swichi ilipofungwa, taa ya nyuma ilipepesa mara moja kama mtoto anayeamka, ikawaka, na mgongo wa Pak Hendarto ukafifia kiasi chake. Ilipobaki pikipiki ya Warsini, wote walikusanyika. Alibana breki. Akapeleka kiganja nyuma.

Kiganja kilikuwa chekundu.

Alikiinua juu kukionyesha, na vigelegele vilivyopigwa hapo vilifika barabarani, ambako magari yalikuwa yameanza kutembea. Pak Hendarto alivua koti, akasema anasikia baridi nzuri.

Walirudi juu jioni hiyo. Katika kila kijiji watu walitoka na mahindi ya kuchoma na tempe za kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa, na wanawake walibana breki bila sababu, kwenye tambarare na kwenye vilima, kwa raha tu ya kuwaka. Ule mstari mwekundu ulipanda mlima kama shanga zinazovutwa kwa uzi. Bu Endah aliupokea mgongo wa mumewe, akauzima kwa blanketi ingawa haukuwaka, na wote wawili wakalala mpaka adhuhuri.

Baadaye kampuni ilitangaza redioni kwamba, kwa upendo wake kwa akina mama wachapakazi wa milimani, imewapa zawadi ya huduma. Ilisema pia kwamba hakuna mtu yeyote aliyewahi kuumia.

"Basi mguu huu niliuvunja ndotoni," alisema Lasmi, akazima redio.

Mwezi wa Hapit, ambao watu huko hawafungi ndoa, ulipokwisha, mtaani kwa Pak Hendarto kulikuwa na arusi, na wauza mboga wote walialikwa. Pak Hendarto alikuwa na bakuli la tambi mkononi wakati ukuta wa hema nyuma yake ulipogeuka mwekundu. Watu waliokuwa wakipita nyuma yake na sinia walisimama.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Warsini. "Sisi wote tuko hapa."

Pak Hendarto alifumba macho. "Mkono mgeni. Laini. Anabana kwa woga."

Mtu mmoja alikumbuka kwamba mwalimu mpya wa shule ya msingi alinunua pikipiki jana, toleo jipya, lile linalosifiwa kwenye mabango. Kampuni ilikuwa imebadilisha rangi na jina tu, swichi ikabaki ileile.

Warsini alinawa vidole. Wanawake waliweka bakuli chini, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kutafuta kofia zao katikati ya viatu vya wageni. Bwana arusi alihamisha maua ya mlangoni ili pikapu ipite. Pak Hendarto alimeza tambi zilizobaki, akamkabidhi mkewe bakuli, akapanda juu ya gunia, na mgongo akauelekeza barabarani.

"Kaa wima," Bu Endah alimwambia mumewe, akimpandishia chai.