Mchanga wa Mgeni wa Javan

Jumanne moja mwaka wa 1966, saa kumi jioni, Monicah alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake huko Kosele anapepeta wimbi, na mjukuu wake analia. Mtoto alikuwa na siku sita duniani, na siku nne kati ya hizo alikuwa amekataa titi. Hakuna mtu alishangaa. Kuna marehemu alikuwa anataka jina. Mtoto akilia hivyo mnaita majina ya watu wenu waliokufa, moja moja, na mkifika kwa mwenyewe mtoto ananyamaza, anashika titi, mambo yameisha.

Walikuwa wameita babu Ogweno. Wakaita shangazi wawili. Wakaita mpaka yule mjomba mlevi aliyekufa maji, ambaye kusema kweli hakuna mtu alitaka arudi. Mtoto alilia tu.

"Nyar Kanyada," Monicah akamwambia Phelesia, mke wa mwanawe, akimwita binti wa ukoo wa kwao, "huko kwenu hakuna mtu mlizika vibaya?"

"Kwetu tunazika vizuri, mama," Phelesia akasema. "Muulize mwanao."

Javan, baba ya mtoto, alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. Hakuinua kichwa. Alikuwa askari, amerudi miezi mitatu iliyopita kutoka vita vya shifta kule kaskazini, na amerudi shujaa. Yeye ndiye alimuua Shehe. Huyo Shehe ndiye alikuwa mkubwa wa waasi wote wa upande ule, mtu aliyesema kaskazini itatawaliwa kwa Kurani na bunduki, na hakuna askari hata mmoja aliyewahi kuona uso wake. Karatasi ya serikali ilisema Javan alimpiga risasi moja ya kifua, kisimani, asubuhi. Jumapili kungekuwa na baraza sokoni, na mkubwa wa serikali angekuja kumvisha nishani.

Saa kumi na mbili hivi marehemu akaingia langoni. Alikuwa mwembamba, amevaa shuka na kofia nyeupe, na kwapani amebana ubao wa kuandikia Kurani. Kifuani alikuwa na tundu, na kwa tundu hilo mchanga mwekundu ulikuwa unamwagika polepole, kama unga kwa gunia lililotoboka.

"Hodi."

"Karibu," Monicah akasema. "Umetoka mbali?"

"Kaskazini, mama. Nimetembea miezi mitatu. Kijana yako ndiye aliniua."

"Ooh. Basi kaa. Phelesia, mpe mgeni kiti."

Wakampa na uji. Akashukuru, lakini hakunywa, alisema utatokea kifuani na atawachafulia kiwanja. Monicah akachukua ufagio, akafagia ule mchanga, akautia kwa debe. Akausugua kwa vidole.

"Mchanga mzuri huu," akasema. "Hauna mawe."

Javan alikuwa amesimama na spana mkononi. Alitamani mgeni apige kelele, atukane, arushe hata kiti. Mgeni alikuwa anamwangalia tu vile mtu anaangalia mwenye duka ambaye hajafungua.

"Sikuja kugombana," marehemu akasema. "Nimekuja kuchukua jina langu. Nyinyi mlinizika na jina la Shehe. Sasa huko niliko naulizwa maswali yake. Bunduki umeficha wapi? Watu wako ni wangapi? Mimi nafundisha watoto herufi! Na mke wangu akiniombea, dua zote zinamwendea Shehe, na Shehe mwenyewe hata hajafa. Anazila bure."

"Pole," Phelesia akasema. "Si useme jina lako basi, tumuite nalo mtoto?"

Marehemu akafungua mdomo. Likatoka jina la Shehe. Akajaribu tena, likatoka lile lile.

"Mnaona? Lilinitoka na roho. Mtu wa mwisho kulisikia ni huyu." Akaonyesha Javan kwa kidevu. "Aliite mbele ya watu. Mtoto atanyonya, na mimi nitaenda kulala."

"Javan," mama yake akasema, "unalijua?"

"Nimesahau, mama."

Mtoto akaongeza sauti.

Hakuwa amesahau. Asubuhi ile walikuta watoto wamekaa mduara kisimani, na mtu mmoja akainuka. Afande akasema, huyo aliyeinuka ndiye mkubwa wao. Kumbe kule wageni wakija mwalimu ndiye huinuka. Akainua mkono, watoto wote wakanyamaza, akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Mimi naitwa Maalim Diriye. Karibuni maji." Javan alisikia yote. Neno maji lilikuwa limeisha kabisa, limekaa chini, ndipo akafyatua.

Ilipofika Jumamosi mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa anafungua mdomo na hakuna kitu kinatoka. Phelesia, ambaye ni Msabato, hakwenda kanisani. Alimwekea Javan mtoto mikononi, akamwambia, "Baba, mimi siulizi ulifanya nini huko. Nauliza jina."

Javan akambeba mtoto mpaka nyuma ya ghala. Akainama, akaweka mdomo kwa sikio dogo lile, akanong'ona, "Diriye."

Mtoto akanyonya mpaka akalala. Phelesia akalia kwa furaha. Lakini baada ya masaa matatu mtoto alikataa titi tena. Jina la kunong'ona, walikuja kuelewa, linatosha kunyonya mara moja tu.

"Basi kesho utaliita kwa baraza," Phelesia akasema.

"Nitaliita," Javan akasema, na siku hiyo aliamini.

Jumapili soko lilijaa. Marehemu alikaa mbele kabisa, ubao magotini, amefua shuka. Watu walimsogezea nafasi. Mzee mmoja jirani yake alilalamika kwamba mchanga unaingia kwa viatu, akaombwa radhi. Mkubwa wa serikali akasoma karatasi, akamvisha Javan nishani, halafu Chifu Onyango akasema, "Na sasa shujaa wetu atatuambia jina la mtoto."

Javan akamwinua mtoto. Aliona mama yake. Aliona Phelesia anaitikia kwa kichwa, sema, sema. Aliona marehemu amejivuta mbele, mkono nyuma ya sikio. Akaona pia ile karatasi mkononi mwa mkubwa, na jinsi ingebidi isomwe upya kama atasema.

"Bado anafikiria," mkubwa akasema, akicheka. "Muite Shujaa!"

"Ndiyo, afande," Javan akasema. "Shujaa."

Watu wakapiga makofi. Mtoto akalia kwa sauti aliyokuwa hajawahi kuwa nayo. Marehemu akashusha mkono, akauweka juu ya ubao, akaukunguta mchanga.

Jumatano redio ya dukani ilisema Shehe ameshambulia kituo cha polisi, akiwa na watu sitini. Chifu akasema redio imekosea, karatasi ipo. Mwezi uliofuata Shehe aliuawa tena na mtu mwingine, na huyo naye akapewa nishani.

Serikali ilimletea Javan mabati na simiti. Fundi alitaka mchanga, na Monicah alikuwa na madebe kumi na moja. Sakafu ilitoka nyekundu, laini, nzuri kuliko zote Kosele, na wageni husimama mlangoni kuisifu kabla ya kuingia.

Marehemu hakurudi kwao. Alisema hana jina la kurudi nalo. Anakaa chini ya ghala na Monicah anafagia hapo asubuhi na jioni. Kila mara mtoto akitaka kunyonya, Phelesia humpa Javan bila kumtazama, na Javan humpeleka mbali kidogo, akainama, akanong'ona. Marehemu hugeuza kichwa.

"Umesema nini hapo, Javan?"

"Hakuna kitu, mzee," Javan husema. "Nabembeleza mtoto."